Shajara ya mradi: magari ya farasi ya Waamishi kwenye reli yangu ndogo ya Strasburg

Februari, kuanza

Haya wakuu, kwa wasioujua mradi wenyewe, nina leiauti (mandhari ya mfano) ya treni ndogo skeli ya HO, yaani 1:87, kila kitu kimepunguzwa mara 87, iko besmenti hapa kwangu Lancaster, Pennsylvania, na inaiga Strasburg Rail Road ambayo kutoka hapa ni mwendo mfupi tu. Reli hiyo hati yake ni ya 1832 na imekuwa ikibeba watalii tangu 1959, treni za mvuke kabisa zenye makaa na moshi, na urefu wake wote ni kama kilomita 7 kutoka Strasburg mpaka Leaman Place pale inapogusana na njia kuu ya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani. Kilomita 7 gawa kwa 87 unapata zaidi ya mita 80 za reli ndogo, besmenti yangu haina hata robo ya hiyo, kwa hiyo nimebana sana, nimebakiza stesheni, Groff's Grove, kivuko cha Cherry Hill Road (pale barabara inapokata reli) na kona ya Leaman Place, huku katikati ni mashamba tupu.

Reli iko tayari, treni inatembea, majengo yapo. Kichwa ninachokipenda ni kile cha 2-6-0 (magurudumu mawili madogo mbele, sita makubwa ya kuvuta, nyuma hamna) nilichokiandika namba 89, cha kweli kilitengenezwa Kanada 1910 na mpaka leo kipo Strasburg. Sasa tatizo ni kwamba ukikaa ukatazama leiauti nzima unaona kabisa hii ni popote Marekani, ghala jekundu, silo, mahindi, basi. Kinachoifanya Lancaster iwe Lancaster ni magari ya farasi ya Waamishi barabarani, wale Wakristo wanaoshika maisha ya zamani na hawamiliki magari ya mota, na hapo ndo mradi huu unapoanzia.

Februari, rangi

Hili la rangi nalimaliza mapema manake watu wengi wakisikia Waamishi wanawaza gari jeusi. Gari jeusi utalikuta Ohio, Indiana na kwingine kwingi. Lancaster ni KIJIVU. Boksi lote kijivu, chini na magurudumu meusi. Ukienda kule Big Valley, Mifflin County, humu humu Pennsylvania, kuna kundi lenye paa la njano, lingine jeupe, lingine jeusi, wote bonde moja, na kila mmoja anajua wa kwake kwa kuangalia paa tu. Kwa hiyo rangi sio urembo, ni kitambulisho, ukipaka jeusi Strasburg umeshahamisha kijiji kizima bila kujua.

Seti za kuunga nilizoziona madukani nyingi ni za magari ya zamani ya mjini, yale ya miaka ya 1890 yenye kofia ya kukunja. Sio hayo. Gari la Lancaster la sasa ni boksi lililofunikwa, lina kioo mbele, milango ya kuslaidi pembeni, taa, indiketa, breki, na nyuma kuna ile pembetatu ya rangi ya chungwa ya kuonya kwamba hiki chombo kinaenda taratibu. Pembetatu hiyo ilibuniwa Ohio State University mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya matrekta, ikaja kuwafaa sana watu wa farasi, ingawa wapo Waamishi wenye msimamo mkali zaidi sehemu nyingine wanaoikataa kwa sababu inang'aa mno. Wa Lancaster wanaibandika.

Machi, vipimo

Nimepima. Sio barabarani, hamna kumsimamisha mtu na familia yake eti subiri nikupime gari, na picha za watu sipigi, wenyewe hawapendi kupigwa picha za uso na hiyo iko wazi kwa kila anayeishi huku. Kuna sehemu za wageni kama The Amish Farm and House pale Route 30, ipo tangu 1955, unaweza kusogelea gari lililopaki ukaliangalia mpaka uchoke. Gurudumu la nyuma linanifika kiunoni na kupita kidogo, nimeliweka milimita 13 kwenye skeli. La mbele dogo zaidi. Pembetatu ya nyuma ina kimo cha kama sentimita 36, ukiigawa kwa 87 ni milimita 4, nimezichapa shiti nzima ya dekali, yaani vibandiko vyembamba, manake najua nyingine zitapaa na kupotelea kwenye kapeti.

Farasi sasa. Farasi wa gari huku ni Standardbred, ni wale wa mashindano ya kukokota vigari, wakistaafu au wakionekana hawana mbio za kutosha wanauzwa, na Waamishi wanawanunua kwa sababu tayari wamezoea hatamu na kelele na kuvuta kitu nyuma. Ni farasi mwembamba, miguu mirefu, mabegani kama mita 1.6, yaani milimita 18 tu kwenye HO. Farasi wanaouzwa kwa skeli hii wengi ni wale wanene wa kuvuta mikokoteni ya bia, au wa kupanda wenye tandiko mgongoni. Ukimfunga mnene kwenye gari la kijivu, mtu wa Lancaster atacheka. Nachora faili langu mwenyewe na kuprinti kwa printa ya 3D ya resini, na nimemchora akiwa anatroti, mguu wa mbele kulia unanyanyuka pamoja na wa nyuma kushoto, mkia umeshuka, kichwa kiko juu.

Machi mwishoni

Magurudumu ya resini hapana. Spoku zikiwa nyembamba kama inavyotakiwa, milimita 0.4 hivi, zinakatika ukizipumulia, ukizinenepesha gari linaonekana la katuni. Nimeagiza ya shaba iliyochongwa kwa asidi, ni shiti bapa unakata moja moja kwa wembe na kibano. Zimekuja, nzuri mpaka basi. Nimezipaka praima halafu nyeusi isiyong'aa, na ukingoni nimegusa kwa penseli tu ipatikane ile chuma iliyosuguliwa na lami, maana huku magurudumu yao yana ukanda wa chuma, sio mpira, na ndo ile sauti unayoisikia kabla hujaliona gari lenyewe.

Aprili, kutembea

Hapa ndo penyewe, na hapa nitaandika sana mnisamehe. Gari lililosimama barabarani milele huku treni inapita mara hamsini ni sanamu. Nilitaka litembee.

Njia ni mbili kubwa. Kuna Faller Car System ya Wajerumani, gari lina betri na mota ndani, sumaku kwenye ekseli ya mbele inafuata waya wa chuma uliozikwa barabarani. Kwa lori na basi ni safi, lakini boksi la gari la farasi ni dogo na lina madirisha, mota utaiweka wapi, na kibaya zaidi gari litakuwa linamsukuma farasi badala ya farasi kuvuta gari. Ya pili ni Magnorail ya Waholanzi, mnyororo wa plastiki unazunguka kwenye mfereji chini ya barabara, juu ya mnyororo kuna sumaku, na juu ya barabara kitu chenye sumaku yake kinafuata. Mota iko pembeni nje ya leiauti. Nimeenda na hii ya pili.

Swali likawa sumaku ya juu ikae wapi. Ukiiweka chini ya gari, kwenye kona gari linageuka kwanza halafu farasi anaburuzwa kwa ubavu, unaona kabisa kitu hakiko sawa hata kama hujawahi kushika farasi maishani. Anayevuta ni farasi, kwa hiyo sumaku lazima iwe kwa farasi. Lakini farasi ana miguu minne milimita chache kila mmoja, miwili iko hewani. Nilichofanya ni kumsimamisha juu ya kipande chembamba cha plastiki angavu, umbo la yai, sumaku mbili ndogo zimezama humo, moja mbele moja nyuma ili asizunguke kama dira. Kipande nikakipaka kijivu cheusi cheusi rangi ya kivuli. Taa zangu ziko juu moja kwa moja, kwa hiyo ukitazama unaona farasi na kivuli chake. Hata mzee jirani yangu ambaye amecheza na treni hizi tangu utoto aliinama akatafuta sumaku akaikosa, akaniambia "fanya tena, pitisha tena".

Miti miwili ya kuvutia inatoka kwa farasi kwenda kwenye gari, nimeitengeneza kwa waya wa shaba, na pale inapoungana na gari nimeacha ichezecheze. Magurudumu yanazunguka yenyewe kwa sababu gari linaburutwa kweli. Kwenye kona farasi anatangulia, gari linafuata nyuma yake kwa kukata kona kidogo ndani. Nilitazama hiyo kona jioni nzima.

Kilichobaki kinaudhi ni miguu, haisogei. Farasi yuko kwenye pozi la kutroti lakini anateleza kama yuko kwenye barafu. Kuna watu wanatengeneza farasi wa miguu inayocheza ila sio kwa milimita 18. Dawa nimeipata shambani: mahindi. Mwezi wa nane mahindi ya Lancaster yanazidi mita 2, ukiyapanda upande wa mtazamaji kando ya barabara yanafika sentimita 2 na kitu kwenye HO, na farasi anamezwa mpaka mgongoni. Unachokiona ni kichwa, masikio, halafu boksi la kijivu linaelea juu ya mahindi, na ndivyo unavyoliona hata ukiwa kwenye behewa la kweli la Strasburg. Kwa hiyo leiauti yangu imepata mwezi rasmi, ni Agosti, na kila kitu kingine lazima kifuate hapo.

Mei, mwendo na kivuko

Farasi anayetroti anaenda kama kilomita 13 mpaka 16 kwa saa. Kwenye HO ni sentimita 4 mpaka 5 kwa sekunde. Jamani hiyo ni taratibu kuliko unavyodhani, ukiwa na subira ndogo utaongeza spidi na ukiongeza tu farasi anakuwa pikipiki. Mota nimeifungia gia za kupunguza mwendo, ikawa inalia kama cherehani mbovu, nikaiwekea sponji chini ya mabano yake, sauti imepungua.

Kupita kwenye reli kulinitia wasiwasi ila kumekuwa rahisi. Reli zangu ni nikeli-silva, hazivutwi na sumaku, zingekuwa za chuma farasi angeng'ang'ania pale pale. Nimejaza mbao kati ya reli mpaka zikalingana na uso wa barabara, nimeacha upenyo mwembamba wa ukingo wa gurudumu la treni, na kile kipande cha chini ya farasi ni kirefu kuliko upenyo kwa hiyo anauvuka bila kujikwaa.

Kazi ilikuwa kumfanya asimame treni ikija. Mnyororo ni mmoja, ukisimamisha gari moja yote yanasimama, na gari likisimama katikati ya barabara bila sababu ni kituko. Nina magari mawili tu kwenye mnyororo, yanapishana nusu ya mzunguko. Kivuko nimekiweka karibu na mwisho mmoja, ili gari moja likiwa kwenye mstari wa kusimama, la pili liwe upande wa mwisho mwingine nyuma ya ghala na miti ambako halionekani. Halafu Arduino ndogo, yaani kibao cha kompyuta cha kuprogramu, inaangalia vitu viwili, sensa ya mwanga inasema treni iko eneo la kivuko, sensa ya sumaku inasema gari limefika kwenye mstari. Vyote viwili vikiwa kweli ndo mota inapunguza mwendo na kusimama. Treni ikija na gari bado liko mbali, mnyororo unaendelea tu mpaka gari lifike lisimame. Behewa la mwisho likipita, inahesabu kidogo halafu inaondoka taratibu, sio kuruka.

Dikoda ya 89, kile kifaa cha elektroniki ndani ya kichwa cha treni, nimeipanga ipige honi ndefu mbili, fupi moja, ndefu moja kabla ya kivuko kama sheria inavyotaka huku. Farasi anasimama, treni inapita, farasi anaondoka. Nimerekodi video, mama watoto kaitazama akasema "mbona dereva hana mtu wa kuongea naye", kwa hiyo nimeongeza mwanamke pembeni mwenye boneti nyeusi, ile kofia ya kike ya kufunga kidevuni.

Juni, leo ni siku gani?

Hili liliniumiza kichwa kuliko sumaku. Waamishi ibada wanafanya majumbani, Jumapili moja ndiyo moja sio, zinazunguka kwa zamu familia hadi familia. Jumapili ya ibada utakuta magari ya kijivu yamepangwa uwanjani kwa mtu, mengi, mistari kabisa, picha ya kupendeza mno kwa mtu wa leiauti. Lakini ukichagua Jumapili lazima uondoe kila kazi. Hamna nguo kwenye kamba, hamna mtu shambani, hamna kukata tumbaku. Mimi nilikuwa nimeshachora nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, sio wa Serengeti, maana mashamba ya Waamishi wa Lancaster yanalimwa na nyumbu, sita wamefungwa sambamba wanavuta, na siwatupi.

Basi imekuwa Jumatatu. Jumatatu ni siku ya kufua, kamba za huku zina roda, zinapanda kutoka kibarazani mpaka juu ya ghala au kwenye mlingoti mrefu, nguo zinapepea hewani huko. Zambarau, bluu, kijani, suruali nyeusi, zote rangi moja moja, hamna maua maua, kitenge hapa hakipo. Nimezikata kwenye karatasi nyembamba nikazilowesha gundi nikazikunja kidogo kwa upepo. Na kwenye uwanja wa nyumba ile ile nimepaki tela refu la kijivu, ndo lile linalobeba mabenchi ya ibada kutoka nyumba hadi nyumba. Jana walikuwa na ibada hapo, tela bado halijahama. Anayejua atajua, asiyejua ataona tela.

Maghala ya tumbaku nimeyafungua mbao za pembeni, zile za wima zinazofunguliwa kupitisha upepo. Agosti ndo wanaanza kukata na kutundika.

Juni, nguzo za umeme

Dogo lakini lina uzito. Nilikuwa na nguzo za umeme njia nzima. Waamishi hawaungi nyumba na umeme wa gridi, kwa hiyo waya ukiingia kwenye nyumba yenye gari la kijivu mlangoni umejipinga mwenyewe. Nguzo zinapita barabarani kama kawaida, ila zinaingia tu kwa jirani mwenye pikapu. Kwa Mwamishi nimeweka kibanda kidogo cha simu mbali na nyumba, karibu na barabara. Sasa ukitazama mashamba mawili yanayopakana unajua la nani ni lipi kabla hujaona mtu.

Julai, barabara yenyewe

Lami ilikuwa safi mno. Kwato zenye chuma zinaisugua lami katikati ya leni mpaka inabaki mstari uliopauka, nimeupitisha kwa unga wa pasteli. Bega la barabara nimelipanua, magari ya farasi yanalitumia. Na ndiyo, kinyesi nimeweka, vidoto vya rangi ya kahawia kwa ncha ya sindano, sio vingi. Mwanangu ndo kaomba kazi hiyo, hajawahi kujitolea kufagia lakini hii kaigombania.

Julai, gari moja jeusi

Kuna jamaa kauliza mbona nimeweka gari jeusi moja kule mwisho baada ya kelele zote za kijivu. Lile sio la Waamishi. Ni la Wamennonite wa jadi, wale wa kundi la Wenger, nao wanatumia farasi ila magari yao ni meusi, na wanaruhusu baiskeli, wakati Waamishi wa huku baiskeli hapana, wanatumia skuta ya kusukuma kwa mguu. Waamishi na Wamennonite walikuwa kitu kimoja mpaka 1693 kule Ulaya, Jakob Ammann na watu wake wakajitenga. Wale wa Wenger wengi wako kaskazini zaidi, upande wa Ephrata na New Holland, ndo maana nimeliweka ukingoni kabisa kwenye barabara inayotoka nje ya leiauti, na baiskeli moja nyuma yake.

Sababu nyingine ni yangu binafsi. Mimi kwetu Mara, na Kanisa la Mennonite Tanzania lilianzia Shirati 1934 kwa wamisionari waliotumwa kutoka huku huku Lancaster. Hawakuwa watu wa magari ya farasi, waliotumwa ni Wamennonite wa tawi lingine kabisa, kwa hiyo msije mkaniambia babu zetu walibatizwa na watu wa Wenger. Ila ukoo ni mmoja ukienda nyuma, na nikaona leiauti ya mtu wa Musoma ikose Mmennonite haitakuwa sawa.

Agosti, hali ilivyo

Nyuso za watu sijachora, nimeacha rangi ya ngozi tupu. Kwa skeli hii huoni tofauti, na nimeona inakaa vizuri zaidi na heshima yao. Wanaume waliooa nimewapa ndevu bila sharubu, kofia za majani kwa sababu ni Agosti, vijana hawana ndevu. Kijana mmoja nimempa gari la wazi lisilo na boksi, lile wanalopewa vijana ambao hawajaoa, limepaki nje ya duka na farasi kafungwa kwenye mlingoti.

Bado nyumbu sita na plau, hatamu zao ni uzi wa nailoni na zinajikunja kila nikikata. Bado skuta, nataka msichana mmoja akiisukuma kando ya Cherry Hill Road, naye nafikiria kumweka kwenye mnyororo ila nafasi iliyobaki kati ya gari na gari ni ndogo, nitajaribu kwanza na karatasi. Magurudumu ya shaba yamebaki ya magari mawili. Aliyeomba faili la farasi nitamtumia nikishapunguza unene wa shingo, hiyo ya sasa bado inaonekana ya farasi wa bia.